Matope Hayajui Cheo

Katika bonde letu la Kilombero limeingia neno ambalo sasa hutamkwa kana kwamba ni aya: "Lori la jeshi halikwami." Hulisema vijana wa kijiweni, hulisema wachuuzi wa mpunga, na siku hizi hulisema hata wazee wenzangu wenye mvi, ambao walipaswa kujua zaidi. Mimi nasema neno hilo ni uongo. Tena ni uongo wa gharama, maana haumwishii msemaji mdomoni. Unamfikia mkulima mfukoni.

Sisemi haya kwa kutafuta ugomvi. Kikundi kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja jina, kimejichangisha kwa misimu mitatu ili kinunue lori lililostaafishwa na jeshi la nchi ya nje, liwe linatoa mpunga majarubani. Shabaha ni njema kabisa. Mpunga wetu huiva masika yakiwa yanaaga na ardhi bado haijakauka. Kati ya jaruba na barabara kuu huwa kuna kilomita kumi, pengine kumi na tano, za udongo mweusi unaonata kama ulimbo. Kilomita hizo ndizo zinazopanga bei. Mwenye chombo cha kupita hufika shambani na bei yake mkononi, na asiye nacho huipokea kwa kuwa gunia lililokaa kwenye unyevu halingoji mnada. Kwa hiyo siwacheki wanaotaka chombo. Nagombana na chombo wanachokitaka na sababu wanayoitoa. Walinijia kwa kuwa niliongoza chuo cha ualimu miaka mingi na chuo kilikuwa na malori. Nikawajibu. Mmoja wao akaniambia kwa adabu zote, "Mwalimu, tunakuheshimu sana, lakini haya ni mambo ya magari, si ya chaki." Haya basi, tuyazungumze hayo mambo ya magari.

Kwanza tuulizane: jeshi ni nini kwa lori? Lori likiwa jeshini halitembei peke yake. Nyuma yake kuna karakana na ghala la vipuri, kuna mafuta yanayolipiwa na hazina ya nchi, kuna mafundi waliosomeshwa gari hilo na si lingine. Na mkiani mwa msafara kuna gari zito la kuvuta, lililowekwa mahsusi kwa ajili ya yale yatakayonasa. Kama malori ya jeshi hayakwami, gari hilo linafuata nini huko nyuma? Mnunuzi wa mnadani hanunui jeshi. Ananunua chuma kimoja kilichotolewa katika ukoo wake, bila karakana, bila ghala, bila ndugu wa kukivuta. Na jeshi halikukiuza kwa ukarimu. Limekiuza kwa kuwa kimezeeka, au vipuri vyake vimeadimika, au kwa kuwa limepata kingine.

Tena Watanzania tungekuwa watu wa mwisho duniani kuamini kwamba rangi ya kijani ndiyo inayopita kwenye matope. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, serikali ilichukua malori na mabasi ya raia na ya mashirika ya umma kwenda kusaidia kubeba askari na shehena. Wenye umri wangu tunayakumbuka. Yalikuwa malori ya pamba na mahindi, yenye majina ya wenyewe ubavuni. Yalikwenda, na mengi yakarudi. Hakuna aliyeyauliza cheo chao.

Sasa nirudi kwenye chaki, kwa kuwa hesabu ya matope ni ya darasa la saba. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, wayo wake una eneo la sentimita za mraba zipatazo 200. Kila sentimita inabeba kama theluthi moja ya kilo. Kwa sababu hiyo mama mwenye kikapu kichwani hupita mahali ambapo trekta limezama. Gurudumu nalo lina kanuni yake: nguvu linayoisukumia ardhi hukaribia sana upepo uliomo ndani ya tairi. Ukijaza paundi 70, kama wafanyavyo madereva wa lami, kila sentimita ya ardhi inabanwa na karibu kilo 5, mara kumi na nne ya wayo wa yule mama. Ukipunguza upepo mpaka paundi 35, tairi hutanuka, hulala chini, na ardhi hubanwa nusu ya hapo. Haijalishi injini ina nguvu za farasi wangapi. Haijalishi lori lilitoka vita gani. Ardhi inaulizwa swali moja tu, uzito huu umegawanywa juu ya eneo gani, nayo hujibu kwa kubeba au kwa kumeza.

Kutokana na hesabu hiyo utaona mara moja kwamba ukubwa, ambao ndio unaowavutia wenzetu mnadani, ni adui. Lori kubwa huanza safari likiwa limekwisha kutumia sehemu kubwa ya ruhusa yake kwa kujibeba lenyewe.

Tuyaangalie basi hayo malori, moja baada ya jingine.

Lile la Kimarekani la M35, la magurudumu yote kuvuta, ekseli tatu na matairi kumi, ndilo linalowatoa watu udenda kwenye picha. Likiwa tupu lina karibu tani 6. Na Wamarekani wenyewe, waliolibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliliandikia mzigo wa nje ya barabara wa paundi 5,000, yaani kilo 2,270 hivi. Soma tena tarakimu hiyo. Kwa gunia la kilo 80 ni magunia 28. Jeshi tajiri kuliko yote duniani limesema lori hili porini libebe magunia 28; kikundi chetu kinataka lipakie mia. Zaidi ya hayo, modeli nyingi za lori hilo zina matairi mawili-mawili nyuma. Kwenye lami ni sawa. Kwenye udongo wa mbuga, tope hujibana katikati ya tairi na tairi mpaka yanakuwa gogo moja linaloteleza, na kwa kuwa nyuma ni pana kuliko mbele, magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyokwisha kushindiliwa na ya mbele. Yanachimba njia yao wenyewe upya. Tairi moja-moja nyuma, zinazokanyaga palepale zilipokanyaga za mbele, ndizo zinazofaa matope. Usukani wake pia uko kushoto, na siku likitoka shamba kuingia barabara kuu, dereva ataomba utingo amchungulie gari linalokuja. Mimi sitaki maisha ya watu yategemee macho ya utingo aliyekesha akipakia.

Ya Kirusi yana mambo mawili ninayoyapenda. Mengi, kama ZIL-131 na GAZ-66, yana mfumo wa kumwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa ameketi kwenye usukani. Si maajabu mapya. Wamarekani waliuweka kwenye gari lao la majini na nchi kavu, DUKW, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lakini Warusi ndio walioufanya kuwa jambo la kila siku, maana wao wana msimu wao wa matope kila mwaka theluji ikiyeyuka, na wanaujua kama tunavyoyajua masika. La pili, yalijengwa ili fundi wa kawaida aweze kuyatengeneza. Ila ZIL-131 hutumia petroli kwenye injini ya silinda nane ya lita 6, na Ural-375 kwenye injini ya lita 7. Kwa bei ya mafuta ya leo, lori la namna hiyo halibebi mpunga, linaula. Ural-4320 ya dizeli ni dume kweli, lakini ina tani 8 hata kabla ya kuweka gunia la kwanza, na daraja la magogo la kijijini halina habari na sifa zake.

Unimog ya Kijerumani nina neno zuri juu yake, na watu hushangaa nikiwaambia kwamba haikuzaliwa kwa ajili ya vita. Ilibuniwa mara baada ya Vita Kuu ya Pili kuwa mashine ya shambani, na jeshi likaipenda baadaye. Ile ya 404, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1955 hadi 1980, ina uzito usiofika tani 3 ikiwa tupu. Ekseli zake zimepandishwa juu ya kitovu cha gurudumu kwa gia ndogo zilizomo kwenye kila gurudumu, kwa hiyo difu haikwaruzi tuta la katikati. Difu zote mbili, mbele na nyuma, zinaweza kufungwa ili gurudumu moja likiteleza jingine liendelee kuvuta. Kwa matope peke yake, sijui gari lililofikiriwa vizuri zaidi. Lakini hubeba tani moja na nusu tu, hunywa petroli, na zile gia ndogo, zikiingia maji kwa kuwa sili moja imechoka, hazitengenezwi chini ya mwembe. Kwa mwenye msafara wa watalii ni sawa. Kwa kikundi cha wakulima wa mpunga ni kununua saa ya dhahabu ili kujua muda wa kwenda shamba.

Linabaki Bedford. Yale ya zamani ya RL, ya petroli, nayaacha kwenye makumbusho. Nazungumzia MK, lililotumika katika jeshi la Uingereza tangu miaka ya 1970: magurudumu manne yote yakivuta, tairi moja-moja nyuma, usukani kulia, dizeli ya silinda sita ya lita 5.4, uzito wa zaidi kidogo ya tani 5, mzigo wa tani 4. Halina urembo. Lina undugu na Bedford TK la kiraia, na ndiyo sababu makampuni ya Kiingereza ya kusafirisha watalii kwa barabara barani Afrika yaliyapenda malori ya Bedford kwa miaka mingi. Hata hivyo tusidanganyane hapa pia. General Motors waliiuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na mnunuzi akafilisika mwaka 1992. Vipuri vipo, lakini ni vya kutafutwa kwa wauza vitu vya kale na kwa mafundi wanaochinja lori moja kuponya jingine. Anayenunua MK bila kununua pamoja nalo klachi ya akiba, pampu ya maji, sili za ekseli zote na gasketi za injini, amenunua nusu ya lori.

Neno hilo la vipuri silisemi kwa kusoma tu. Katikati ya miaka ya 1990 ofisi moja, ambayo naiacha bila jina, ilituletea chuoni lori la jeshi la magurudumu sita ya kuvuta. Lilipokelewa kwa ngoma. Halikuja na kitabu, halikuja na kipuri hata kimoja, na tulipouliza tuliambiwa kwamba gari la jeshi haliharibiki ovyo. Kabla ya mwaka kwisha, sili ya ekseli ya mbele ilikufa, mafuta ya difu yakageuka rangi ya maziwa, na beringi zikafuata. Sili yenyewe ni duara la mpira unaloweza kulivaa mkononi kama bangili. Niliandika barua tisa kuiomba. Lori likakaa chini ya mwembe, kuku wa chuo wakataga ndani yake, na zilipokuja mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka 1997 halikuweza kusogea kupisha maji. Wanachuo wangu walikuwa na mazoezi ya kufundisha katika shule za vijijini na hapakuwa na namna ya kuyaahirisha. Waliowafikisha ni lori letu la kawaida, kuukuu, la kuvuta magurudumu ya nyuma tu, na dereva Mngoni mwenye maneno machache. Kwenye tope alitoa upepo, akafunga minyororo kwenye tairi, akawashusha wanachuo wote pamoja na masanduku, akapita mtupu, akawangoja ng'ambo. Mara nyingine walitembea saa nzima. Walifika wamechafuka, wakafundisha.

Kwa hiyo anayekwenda kuchagua, na aende na macho ya mkaguzi wa shule, si ya bwana harusi. Atalala chini ya lori kabla ya kupanda juu yake. Atagonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa pale springi zinaposhikiliwa, maana kutu hupenda kujificha hapo chini ya rangi mpya, na rangi mpya juu ya lori kuukuu ni ya kushukiwa siku zote. Atafungua vizibo vya difu na giaboksi atazame mafuta. Yakiwa meupe, maji yamekwisha kuingia. Ataingiza gia ya nguvu na mvuto wa mbele, alitembeze kwa vitendo, asikubali kuambiwa kwamba "inafanya kazi". Atageuza tairi asome tarakimu nne zilizomo ubavuni baada ya herufi DOT. Zikiwa 1409, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009, na hata kama kashata zake ni ndefu kama vidole, mpira umekwisha kufa. Zikiwa tatu badala ya nne, ni la kabla ya mwaka 2000. Limwachie muuzaji alifanyie pembea.

Na asilewe na sifa ya kilomita chache. Nimesikia watu wakisimulia kwa furaha kwamba lori lina miaka thelathini na limetembea kilomita elfu ishirini tu. Msomaji, hiyo si afya. Lori lililosimama ghalani miaka ishirini sili zake zimekauka, mipira ya breki imepasuka, tangi limefanya kutu ndani. Heri lililotembea na kutunzwa. Halafu akumbuke kwamba mengi ya malori hayo ni ya umeme wa volti 24, kwa hiyo kila lori linataka betri mbili. Kwamba bandarini kuna ushuru wa uchakavu unaongoja vyombo vya umri huo. Na kwamba rangi ya jeshi ibadilishwe siku ileile, kwani raia hana biashara ya kufananishwa na askari.

Tukija kwenye kulivalisha, hapa ndipo ugomvi wangu na vijana unapokuwa mkali. Waulize watakalolifanyia lori, watakutajia taa nane juu ya kichwa, mabomba ya chuma mbele ya kumkinga na tembo, na honi. Vyote hivyo ni uzito, na vingi vimewekwa juu ya ekseli ya mbele, ambayo ndiyo ya kwanza kuzama. Mimi nasema fedha ya kwanza, tena nyingi, iende kwenye matairi. Si yale ya kijeshi yenye kashata zilizobanana, ambazo tope la mfinyanzi huzijaza kwa mizunguko mitatu na kuzigeuza kipara. Yatafutwe yenye kashata pana zilizoachana, kama za trekta, ili gurudumu likizunguka litupe tope lenyewe. Fedha ya pili iende kwenye kupata upepo. Malori mengi ya namna hii yana breki za upepo, kwa hiyo pampu tayari ipo. Bomba refu na kipimo cha kuaminika havizidi uwezo wa kikundi chochote. Bila njia ya kurudisha upepo, dereva hatautoa, na asipoutoa maneno yote niliyoandika ni bure. Ila asiutoe kupita kiasi: tairi ya mpira wa ndani ikilegea sana huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu. Na ajue hatari ya rimu za vipande. Pete yake ikiruka wakati wa kujaza huua mtu papo hapo. Gurudumu hilo hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa mnyororo, na mjazaji akisimama kando, kamwe si mbele yake.

Baada ya upepo ndipo winchi. Ni kitu cha thamani, lakini kinapotoshwa. Winchi isiyoweza kuvuta angalau mara moja na nusu ya uzito wa lori na mzigo wake ni pambo. Kapi moja imara huongeza nguvu yake karibu maradufu, nayo ni rahisi kuliko winchi ya pili. Tena winchi hutaka mahali pa kushika, na mbugani hakuna miti. Hapo huchimbwa shimo refu, gogo au gurudumu la akiba likafukiwa humo na waya ukafungwa kwake. Kazi hiyo ni ya chepe na sururu, ndiyo maana chepe mbili, sururu, shoka na panga huja kabla ya taa yoyote. Waya ukikaza, watu wakae mbali urefu wa waya wenyewe na zaidi, na gunia zito litupwe juu yake katikati, ili ukikatika usiruke kama nyoka. Yale mabamba ya chuma yenye matundu, yaliyobuniwa kwa viwanja vya ndege vya vita, ni mazuri kwenye mchanga. Kwenye tope letu huzama yakapotea, na kila moja lina karibu kilo 30. Matita ya fito na matawi yanafanya kazi nzuri zaidi, na hayanunuliwi.

Kuna jambo ambalo wasifiaji wa lori la jeshi hawaligusi, nalo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Tuseme lori lao limepita kweli. Lina tani kumi, tairi zimejaa upepo, dereva kakanyaga mafuta, tope limeruka mpaka juu ya mikorosho, watu wakapiga makofi. Nyuma yake limeacha mifereji miwili ya kufika magotini. Mvua ya usiku huijaza, jua huikausha kingo zikawa kama mawe, na njia hiyo haifai tena mpaka greda lipite, na greda sote tunajua hupita lini. Njia hiyo haikuwa ya kikundi. Ni ya wanafunzi, ya wenye baiskeli na mkaa, ya pawatila zilizoletwa kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, ya pikipiki inayomkimbiza mjamzito zahanati usiku. Kwa magunia mia yaliyotoka siku moja, kijiji kizima kimefungiwa ndani. Wapo watakaosema mtu ana haki ya kutumia barabara ya umma. Anayo. Hana haki ya kuila.

Najua watakaonijibu kwamba Mzungu fulani alipita na lori kama hilo tukamwona kwa macho. Alipita, sikatai. Alikuwa na watu sita na mahema, pengine kilo elfu moja za mizigo, akangoja siku mbili tope likauke kwa kuwa hana haraka na mchuuzi. Mpe magunia mia na tarehe ya mnada, halafu tumtazame.

Basi nilichowaambia wale wakulima ni hiki, nami sijabadili neno. Fedha yenu igaweni mafungu mawili yanayolingana. Fungu moja tu ndilo la kununulia gari. Jingine ni la matairi, vipuri, kapi na mafundi. Kama fungu la kwanza linatosha Bedford MK yenye chesisi nzima, inunueni. Mkikuta lori la kiraia la kuvuta magurudumu yote, kama Isuzu FTS, hata lisilo na historia yoyote ya ushujaa, litangulizeni mbele ya la jeshi, maana malori ya Isuzu yamejaa nchini, na fundi anayeyajua hamtamtafuta ng'ambo. Kama fedha haitoshi mojawapo ya hayo, nunueni trekta na tela pana lenye matairi laini, mcheke wanaowacheka. Lori lolote mtakalopata lipakieni nusu ya mzigo ulioandikwa. Safari mbili za tani 2 hufika. Safari moja ya tani 4 hulala njiani na walinzi wawili, ikinyeshewa.

Na mwajirini dereva anayeshuka. Akifika kwenye tope asimame, avue viatu, atangulie yeye na utingo kwa miguu na fimbo iliyokatwa alama ya urefu wa kutoka ardhini hadi chini ya difu. Achome katikati, achome pembeni, kila hatua tano. Fimbo ikigota kabla ya alama, arudi atoe upepo, aingize gia ya nguvu kabla ya kuingia na si baada ya kunasa, apite kwa mwendo mmoja bila kusimama wala kukanyaga. Fimbo ikizama kupita alama, lori lirudi kinyumenyume kwa mapito yaleyale lililojia, turubai lifunikwe vizuri, na mpunga ungoje jua.